Nchi Iliyoitwa Mbali

Mtama wa nchi ya Kujitosha ulikuwa mzuri kupita kiasi, na hapo ndipo taabu zake zote zilipoanzia. Nchi ile ilikaa katika bonde pana la udongo mweusi, ikalindwa na vilima vya Fahari kila upande, ikanyeshewa kwa wakati na kuangaziwa jua kwa kadiri, hata wenyeji wake wakaamini kuwa neema hiyo ilikuwa matunda ya tabia yao njema, wala haikupata kuwapitikia kuwa mawingu yaliyowanyeshea yalizaliwa katika bahari za watu wengine. Walipokutana njiani hawakuulizana hali. Mmoja alisema, "Tumetosheka," mwenzake akaitikia, "Na ziada," kisha kila mtu akashika njia yake akiwa ameridhika na nafsi yake.

Chumvi waliyokula ilitoka nje, kwa maana bonde lao halikuwa na chumvi hata chembe. Lakini ilikuwa desturi kwamba mifuko ya wageni ishushwe mpakani, chumvi imiminwe katika mifuko ya Kujitosha, na tangu dakika hiyo iitwe jasho la Fahari, kana kwamba vilima vyenyewe vimeitoa. Chuma cha majembe yao kilipewa jina la kienyeji vivyo hivyo. Nchi iliyopakana nao upande wa mashariki waliiita Mbali, ingawa mtu aliyeondoka Kujitosha asubuhi aliweza kula chakula cha mchana huko. Waliipa jina hilo ili asiwepo atakayeona haja ya kwenda.

Juu ya desturi hizi palikuwa na sheria, na sheria iliitwa Si Yetu. Ilisema kwamba jambo lolote lililotukia nje ya vilima halikuwa la Kujitosha wala halikustahili kujadiliwa na raia wake. Kifungu chake kilichoogopwa kuliko vyote kiliharamisha kumshukuru mgeni. Kwa sababu, walieleza wanazuoni wa dola, anayeshukuru amekiri kuwa alipungukiwa, na aliyepungukiwa hawezi kuwa mtu wa Kujitosha. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufutiwa jina na kufukuzwa nchini maisha.

Enzi hizo ufalme ulikuwa mikononi mwa Sultani Maridhawa, mtu mpole aliyependa kusikia habari njema, na wizara ya mambo ya nje ilikuwa mikononi mwa Ghururi bin Hadhi. Waziri huyu hakuwa mwovu. Alikuwa na sauti nzuri, mavazi safi na imani ya kweli kwamba nchi inayowajibu wageni wake kwa neno moja la hapana haiwezi kudanganywa na yeyote. Naibu wake alikuwa mwanamke wa makamo, Insafu binti Amini, aliyeteuliwa kwa ufasaha wake wa lugha za jirani. Na kwa kuwa wizara haikuwa na jambo la kuzungumza na jirani, ufasaha huo ulikuwa umekaa bure kwa miaka mingi.

Asubuhi moja ya kiangazi akaja barazani mjumbe kutoka Mbali. Aliitwa Ahadi bin Karimu, mtu mrefu, mkavu wa mwili, mwenye vumbi jekundu kwenye nyusi. Aliamkia kwa adabu, akaachwa amesimama kama ilivyokuwa kawaida kwa wajumbe, akaanza kusema.

"Bwana Sultani, nzige wametaga katika mchanga wetu. Wametaga katika mabonde mengi kwa pamoja, jambo ambalo wazee wetu hawakuliona. Watu wa nchi ya Anga, ambao ni mahodari wa kutazama pepo, wametuletea habari kwamba upepo wa msimu huu utavuma kutoka kwetu kuja kwenu. Watu wa Tibabu wametuletea dawa. Sisi tuna maji, tuna mahema na chakula cha kuwalisha watakaokuja. Tulichokosa ni mikono. Mayai yakianguliwa watatoka tunutu, na tunutu hutembea kwa miguu tu, waweza kumzuia kwa handaki. Lakini akishaota mabawa, mimi na wewe hatutakuwa na la kufanya ila kutazama. Tunaomba watu na majembe."

Ghururi akatabasamu kwa upole, maana jibu lilikuwa tayari kinywani mwake tangu mjumbe hajavuka mpaka.

"Bwana Ahadi," akasema, "tumekusikia, na tunakupa pole. Nzige waliotaga Mbali ni nzige wa Mbali. Serikali hii haina desturi ya kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na hao wadudu wenu ni mambo ya ndani."

"Ni ya ndani leo, Mheshimiwa. Wakiruka yatakuwa ya juu ya vichwa vyetu sote."

Baraza likacheka kidogo. Insafu hakucheka. Akainuka kitini, jambo ambalo naibu hakuruhusiwa, akasema, "Bwana Sultani, naomba idhini niulize swali moja. Wadudu hao watakapoota mabawa, walinzi wetu wa mpakani watawasomea kifungu gani cha sheria ili warudi?"

Kicheko kikakoma. Sultani akamtazama waziri wake, waziri akatazama mbele, na Sultani akasema kwamba sheria ni sheria. Ahadi akainamisha kichwa, akatoka. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Insafu zaidi.

Siku ile ile akaenda kijijini Ukingoni, chini ya vilima vya mashariki, alikoishi mama yake, Bi Hifadhi. Alimkuta akipepeta mtama uani. Alipokwisha kumweleza yaliyotokea barazani, yule mama akaweka ungo chini.

"Insafu," akasema, "kuna jambo sijakuambia kwa sababu sheria ilinikataza, kisha mazoea yakanikataza zaidi. Mwaka uliozaliwa, mvua zilitukimbia. Serikali ilitangaza kuwa hapakuwa na njaa, basi hatukuwa na ruhusa ya kuwa nayo. Maziwa yalinikauka. Nikapanda kilimani nikiwa na wewe mgongoni, nikakaa kwenye uzio wa mpaka, sijui nilikuwa nangoja nini. Mwanamke wa Mbali akaja na kibuyu cha maziwa ya mbuzi, akakipitisha kwenye miiba. Akaja tena kesho yake, na siku zote hadi mvua iliporudi. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya ile miiba. Sikumwambia neno, mwanangu. Nilipokea kibuyu, nikageuza uso, maana mlinzi alikuwa akitazama. Ningesema asante, ungelelewa bila mama."

"Jina lake, mama?"

"Sikuuliza. Kuuliza pia kulikuwa kosa."

Insafu akauchukua ungo, akapepeta mtama uliobaki mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Kisha akainuka, akaenda nyumba kwa nyumba. Hakuhutubia wala hakutoa amri. Aliwaambia wakulima wa Ukingoni habari kama alivyoisikia kutoka kwa Ahadi, akawaambia na adhabu iliyowangoja, akasema yeye anaondoka alfajiri na jembe lake. Wakulima wale walikuwa raia watiifu, lakini walikuwa na mtama mashambani uliokuwa umeanza kutoa masuke, na walijua nzige ni nini. Alfajiri ilipofika alikuta njia ya kilimani imejaa watu.

Kwenye mteremko wa upande wa pili Ahadi alikuja mbio kuwapokea, akayatazama majembe mabegani mwao. Akasema, "Karibuni Karibu."

Insafu alidhani amesikia vibaya. "Hii si nchi ya Mbali?"

"Hilo ni jina mlilotupa ninyi," akajibu Ahadi. "Sisi wenyewe tunaiita Karibu. Tangu babu zetu inaitwa Karibu."

Wakulima wakatazamana, na mmoja wao akacheka kwa fedheha, kisha wote wakacheka, na kicheko hicho kikawaondolea woga waliovuka nao.

Kazi waliyoikuta ilikuwa kubwa. Watu wa Anga walikuwa wameweka bendera juu ya miamba, wakizisoma saa baada ya saa. Watu wa Tibabu walichanganya dawa katika mapipa, wakiwa wamefunga vitambaa puani. Na watu wa Karibu, wanaume kwa wanawake, walichimba mchanga uliokuwa ukiporomoka nyuma yao kila walipopiga hatua. Kila taifa lilikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, wala hapakuwa na aliyeona haya kwa hilo. Wakulima wa Ukingoni, ambao kuchimba kulikuwa ndiyo maisha yao, walionyesha jinsi ya kulaza ukingo wa handaki ili usibomoke. Lugha za Insafu zilizokaa bure miaka yote zikapata kazi tangu asubuhi hadi magharibi, akikimbia kati ya bendera na mapipa, akitafsiri upepo kwa wachimbaji na hatari ya dawa kwa wenye mbuzi, hadi sauti ikamkauka, naye akaona kuwa hajapata kuwa na furaha kama ile.

Jioni ya kwanza, watu walipoketi kula, Insafu akasimama mbele ya wenyeji. Akawasimulia habari ya kibuyu, ya miiba na ya mikono iliyokwaruzwa. Akauliza kama yuko anayemjua mwanamke huyo. Wakanong'onezana. Mwishowe bibi mmoja akasema, "Mwanangu, mwaka ule wanawake wengi walikwenda kwenye uzio. Mama yangu alikwenda. Shangazi wa huyu alikwenda. Wengi wao wamekwisha kufa, na hawakuona kuwa wamefanya jambo la kusimulia."

"Basi kwa kuwa sijui ni nani," akasema Insafu, "nawashukuru nyote. Asanteni. Nayasema haya kwa niaba ya mama yangu, aliyetaka kuyasema umri wake wote."

Wakulima wa Ukingoni walisikia neno lile likitamkwa waziwazi katika nchi ya kigeni na kinywa cha ofisa wa serikali, wakaacha kula. Kisha mzee mmoja wao akalisema pia, kwa sauti ndogo, kwa yule aliyempa sahani. Na baada yake mwingine.

Bonde moja baada ya jingine likasafishwa. Likabaki la mwisho, ambalo wenyeji waliliita Kiporo, na humo tunutu walikuwa wamekwisha kuanguliwa, wakatandaa chini kama zulia jeusi linalotambaa. Walikuwa wakielekea njia mbili: kundi moja lilikwenda kwenye pengo la vilima linaloingia Kujitosha, na kundi jingine kwenye mitende ya Karibu. Majembe yalikuwa yamekwisha kuinuliwa wakati askari wa Kujitosha walipotokea. Waziri Ghururi alikuwa amepata habari. Askari wakamfunga Insafu kamba mikononi, wakawaamuru wakulima warudi makwao mara moja. Insafu aliomba siku chache tu, amalize Kiporo, kisha wamfunge watakavyo. Mkuu wa askari alisema amri aliyopewa haikuwa na nafasi ya siku.

Kesi ilisikilizwa barazani mbele ya umma. Ghururi mwenyewe alisoma mashtaka: kuvusha raia mpaka bila idhini, kujihusisha na jambo lisilo letu, na kumshukuru mgeni hadharani. Insafu akakiri yote bila kutafuta udhuru, akaeleza tu habari ya makundi mawili yaliyoachwa Kiporo. "La tatu," akasema, "nalikiri kwa furaha. Ningependa liandikwe kwanza."

Siku ya hukumu, kabla Sultani hajafungua kinywa, mwanga ukafifia madirishani. Watu wakadhani ni wingu. Kisha wakasikia mvumo, kama wa mvua ikikaribia kwenye makuti, na mdudu wa kwanza akaanguka juu ya meza ya Sultani, akakunja mabawa yake, akatulia. Watu wakakimbilia nje. Nzige walikuwa wakipita juu ya mji, wakashuka katika mashamba ya mashariki.

Ghururi akabaki ndani, akaugeukia ushahidi huo kwa haraka. "Bwana Sultani, tazama faida ya uasi wake. Alivunja sheria ili awazuie, nao wamekuja. Kama angekaa nyumbani tungepata hasara hiyo hiyo na sheria yetu ingebaki nzima."

Hapo sauti ikasikika mlangoni ikiomba ruhusa. Ilikuwa ya Ahadi, aliyekuja mbio kutoa onyo na kukuta onyo limefika kabla yake. Nguo zake zilikuwa zimeraruka. Sultani akamwita mbele, na kwa mara ya kwanza katika historia ya baraza hilo akaamuru mjumbe apewe kiti.

"Niambie ukweli," akasema Sultani. "Hawa ni wale wale mliokuwa mkiwazuia?"

"Ni mabaki yao, Bwana Sultani. Mabonde yote mengine hayakutoa hata mmoja. Hawa wametoka Kiporo, ambako kazi ilikatizwa."

"Na nani aliyeikatiza?"

Ghururi angeweza kumtupia lawama mkuu wa askari, lakini hakuwa mtu wa uongo. "Mimi," akasema.

Sultani akamrudia mjumbe. "Wamekuja kundi moja tu, nami naona mawingu yao yana mwisho. Insafu alisema yalikuwa makundi mawili. Lile jingine liko wapi?"

Ahadi akasitasita, kama mtu anayeona haya kusifu kazi ya nyumba yake. "Kundi lililoelekea kwenye pengo lenu halikuruka, Bwana Sultani. Tulilichimbia handaki, tukalifukia. Hawa mnaowaona ni lile lililokwenda kwenye mitende yetu. Watu wenu walipoondolewa tulibaki wachache, na tuliweza kuchimba upande mmoja tu. Basi tulichimba upande wenu."

"Mitende yenu?"

"Imekwisha. Iliyobaki ni miti mitupu."

"Kwa nini?" akauliza Sultani, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hamkuwa na mkataba nasi. Nilikurudisha mikono mitupu kutoka chumba hiki hiki."

"Tulishauriana, Bwana Sultani. Wengine walitaka tuokoe mitende, na hawakuwa na kosa. Lakini wakulima wa Ukingoni walikuwa wameacha mashamba yao wakaja kuchimba kwetu, na mama huyu tulimwona akiburutwa kwa kamba kwa sababu yetu. Tuliona hatuwezi kuwaachia nzige nyumba za watu waliokatazwa kuzilinda. Hatukuwa na sababu nyingine."

Sultani Maridhawa akainamisha uso mbele ya watu waliokuwa wamerudi ndani. Alipouinua akaamuru Insafu afunguliwe. Akasema kwamba kwa miaka yote ya utawala wake alipelekewa habari njema, na kwamba habari njema kuliko zote alizopata kuzisikia ndiyo hii, nayo ililetwa na mtu ambaye sheria ilimkataza kumshukuru; basi sheria hiyo imekufa tangu sasa. Kisha akashuka kitini, akamwendea Ahadi, akamshika mikono yote miwili. Neno lile halikuwa limepita midomoni mwake kwa mgeni yeyote, na lilitoka kwa shida, kama neno la lugha anayojifunza.

"Asante," akasema. "Asanteni nyote."

Mashamba ya mashariki yaliliwa, lakini bonde lililosalia lilivunwa salama, na kabla mtama haujaingizwa ghalani sehemu kubwa ilibebwa Karibu kuwalisha waliopoteza mitende. Waliobeba walikuwa watu wa Ukingoni, na Bi Hifadhi alikuwa miongoni mwao, akiwa juu ya punda, akimshukuru kila mwanamke aliyekutana naye njiani mpaka Insafu akamwomba apumzike. Alikataa kupumzika. Insafu akawa waziri. Ghururi akajiuzulu bila kuambiwa, akajifungia nyumbani, na watu wakaacha kumtaja.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja wa masika, ikaja habari kwamba mto wa Tibabu umevunja kingo zake na vijiji vimesombwa. Tibabu ilikuwa nchi ya mbali kwa hakika, safari ya siku nyingi. Barazani hapakuwa na aliyeuliza kama jambo hilo ni letu. Waliulizana nani aende na apeleke nini. Mazungumzo yakiwa katikati, mlango ukafunguliwa, akaingia Ghururi bin Hadhi, amekonda, amevaa nguo za kazi zisizomkaa vizuri.

"Naomba niende," akasema.

Insafu akamtazama kwa huruma. "Bwana Ghururi, safari ni ndefu. Utaiweza?"

"Sijui. Nilikuwa waziri wa mambo ya nje kwa nusu ya umri wangu, na sijapata kutoka nje. Hata kile kilima cha mashariki sijakipanda."

Akaandikwa katika msafara ulioongozwa na Insafu mwenyewe. Walipofika kilele cha Fahari akaomba wasimame kidogo. Upande wa pili nchi ilikuwa imefunguka: mchanga mwekundu wa Karibu, na mitende iliyoanza kuchipua upya, na nyuma yake milima ya buluu, na nyuma ya milima hiyo mng'ao wa kitu kama maji. Ghururi alishika kofia yake mikononi.

"Kule ni wapi?" akauliza.

Insafu akamwambia.

"Na kule nyuma yake?"

Akamwambia na huko, jina la nchi na majina ya watu wake wachache aliowafahamu. Ghururi akayarudia majina hayo taratibu, moja moja, akaomba arekebishwe alipokosea, akauliza tena, "Na kule?" Msafara ulikuwa unangoja na mizigo ilikuwa mizito, lakini hapakuwa na aliyemharakisha.